Njia ya Kurudi

Karibu na Kisangani, mto Kongo hupita kwa nguvu katikati ya mawe. Hayo ni maporomoko ya mwisho kati ya saba yaitwayo Boyoma. Hapo Wagenia huvua samaki. Husimamisha miti mirefu katika mashimo ya mawe, huifunga kwa kamba za mwituni, kisha hutundika vikapu vikubwa majini, vipana mdomoni na vyembamba mwishoni. Maji yaendayo kasi huwasukuma samaki ndani, wala hawawezi kutoka.

Je, miti ile hutoka wapi? Hutoka msituni. Karibu na mji msitu umekatwa sana. Basi atafutaye mti mrefu na imara hana budi kwenda mbali, mahali pasipo njia.

Msitu mkubwa humdanganya mtu. Majani huziba jua, na hakuna mlima wa kutazama. Mtu hudhani anakwenda mbele, kumbe anazunguka. Kwa hiyo mwenye akili huweka alama tangu hatua za kwanza. Hukata magome ya miti kwa panga, huvunja vijiti upande aendao, huhesabu vijito avukavyo. Wakati wa kurudi hufuata alama zake moja moja.

Akikosa alama, hakimbii. Husimama, hurudi polepole mpaka alama ya mwisho aliyoiona, huanza tena hapo. Akimbiaye hupotea zaidi, na giza humkuta msituni.

Mti mzuri una faida gani kwa mtu asiyejua njia ya kurudi nyumbani?