Kabla ya Sindano: Utangulizi wa Kazi ya Viraka vya Hema

Mchaniko wa upana wa kucha huonekana si kitu hema likiwa limekunjwa. Lisimamishe hema hilohilo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upepo uvume usiku kucha, na asubuhi mkono mzima utapenya. Anayetaka kuijua kazi ya kuziba mahema, makoti ya mvua na mabegi ya safari namkaribisha aanzie hapo: kwa nini tundu dogo hukua?

Jibu lake lilitolewa mbele ya wajenzi wa meli. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba bamba lenye ufa likivutwa, mkazo hulundikana kwenye ncha ya ufa, na ncha ikizidi ukali, mkazo nao huzidi. Kitambaani ndivyo ilivyo. Nyuzi zilizokatika haziubebi tena mzigo wake, hivyo uzi ulio jirani hubeba wake na wa wenzake. Nao ukishindwa, zamu huwa ya unaofuata. Kwa sababu hiyo nailoni nyingi za mahema hufumwa kwa kuingiza uzi mnene kila baada ya milimita chache, kwenye mtande (nyuzi za urefu) na kwenye mshindio (nyuzi za upana), ndiyo maana unaviona vijiraba vile. Mchaniko ukikutana na uzi huo, mara nyingi husimama.

Basi sindano, ambayo wengi huikimbilia, na isubiri. Mshono ni safu ya matundu mapya, na maji huyajua yote. Kiraka cha kubandika huutawanya mkazo kwenye eneo pana, mradi kipite kingo za mchaniko kwa sentimita 2 au 3 na pembe zake zikatwe mviringo, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni gundi, kwani hapo macho hudanganya. Vitambaa viwili vya rangi moja na wepesi uleule vyaweza kuwa na utando tofauti, kimoja poliurethani, kingine silikoni. Gundi za kawaida hazishiki kwenye silikoni. Hiyo hukubali gundi ya silikoni, ambayo hukomaa kwa unyevu wa hewani na hutaka iachwe usiku mzima. Ili kuvitambua, bandika kipande cha utepe mahali pasipoonekana, kisha ukivute. Kikishika barabara, huenda ni poliurethani. Kikitoka bila ubishi, shuku silikoni. Pima pande zote mbili, kwani viko vitambaa vyenye silikoni nje na poliurethani ndani. Kisha pangusa kwa spiriti, kwa sababu hata mafuta ya vidole huiharibia gundi kazi.

Lakini kabla hujafungua gundi, kishike kitambaa kando ya mchaniko kwa mikono miwili, ukivute. Jua hula nailoni polepole, na la milimani ni kali zaidi. Kikichanika mikononi mwako, kiraka hakitakuwa na pa kushika.