Kufufua Msumeno wa Mnyororo wa Zamani: Vipuri, Vipimo na Usalama

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, ambako misindano na mikaratusi ni zao la kaya kama yalivyo mahindi, si ajabu kukuta msumeno wa mnyororo uliofungwa kwenye gunia na kuwekwa stoo. Mashine hiyo, ambayo wengi huiita chenso, ilijenga nyumba na kusomesha watoto enzi zake. Siku moja ilizimika, fundi akasema kipuri hakipo, nayo ikaachwa. Leo kijana wa nyumba hiyo anataka kuirudisha kazini, kwa sababu bei ya mashine mpya imemshinda.

Mashine nyingi za namna hiyo hutengenezeka. Kipuri kinachosemwa kuwa hakipo mara nyingi hupatikana kikitafutwa kwa kipimo chake badala ya jina la mashine. Hata hivyo, injini kuwaka hakumaanishi kwamba msumeno uko salama kwa anayeushika. Mambo hayo mawili yanapaswa kupimwa pamoja kabla ya kutoa fedha.

Mashine ya zamani ni ipi?

Misumeno inayozungumziwa hapa ni ile iliyobuniwa kabla ya miaka ya 1980. Mwaka 1947 Mmarekani Joseph Buford Cox, aliyekuwa mkata miti, alitengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda baada ya kuchunguza jinsi buu wa mdudu anavyotafuna mti. Minyororo ya leo bado inafuata wazo hilo. Mwaka 1959 kampuni ya STIHL ya Ujerumani ilitoa modeli ya Contra, ambayo injini yake iliendesha mnyororo moja kwa moja bila giaboksi, na mwaka huohuo Husqvarna ya Sweden ilitoa msumeno wake wa kwanza wa mnyororo. Katika nchi za tropiki modeli iliyojulikana sana ni STIHL 070 ya miaka ya 1960, yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 100.

Umri wa mashine una maana kwa mmiliki. Nyingi za wakati huo huwasha cheche kwa pointi na kondensa, si kwa koili ya kielektroniki. Aidha, breki ya mnyororo ilianza kuenea miaka ya 1970 tu, hivyo mashine nyingi za kabla ya hapo hazina kabisa kinga hiyo.

Uchunguzi kabla ya kununua chochote

Makosa mengi huanza kwa kununua kabureta au plagi kabla ya kujua hali ya injini. Mpangilio mzuri ni kuanza na mgandamizo, kisha cheche, na mwisho mafuta.

Mgandamizo huanza kupimwa bila kifaa. Swichi ikiwa imezimwa, mashine huinuliwa kwa kushika kipini cha kamba ya kuwashia na kuachwa ining'inie. Ikishuka polepole kwa kusitasita, kuna matumaini. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi au silinda imechoka. Fundi mwenye geji ataona takriban psi 120 au zaidi kwa injini yenye afya. Ikiwa chini ya psi 90, kuwaka kwake kutakuwa kwa shida.

Hatua ya pili ni kufungua ekzosi, kazi ya skrubu au nati chache, na kuitazama pistoni kupitia tundu la kutolea moshi. Pistoni nzima huwa laini na yenye kung'aa. Ikiwa na mikwaruzo mirefu ya kupanda na kushuka, injini ilikwisha kuungua. Kitendo hiki kisicho na gharama kinaweza kumwokoa mtu asitumie fedha bure.

Cheche huangaliwa kwa kufungua plagi, kuigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, na kuvuta kamba. Kwa mashine ya pointi, kutokuwepo kwa cheche mara nyingi husababishwa na kutu iliyoshika pointi hizo baada ya miaka ya kukaa. Husafishwa kwa msasa laini, kisha nafasi yake hurekebishwa, kwa mashine nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kondensa ikiwa imekufa, cheche huwa dhaifu na pointi huungua haraka.

Upande wa mafuta, adui mkubwa ni umri wa mpira. Mipira ya kupitishia petroli hupasuka, na kiwambo chembamba kilicho ndani ya kabureta hukauka na kukakamaa. Kabureta yenyewe huwa nzima. Inayohitajika ni seti ya viwambo na gasketi.

Kosa linaloharibu pistoni mpya

Yapo malalamiko ya mara kwa mara kwamba pistoni mpya iliungua baada ya wiki mbili, na lawama huelekezwa kwa muuzaji. Mara nyingine ni kweli kwamba kipuri kilikuwa hafifu. Lakini sababu ya kawaida ni oili sili za kranki zilizokauka. Sili zikikauka, hewa huingia ndani ya injini bila kupitia kabureta. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta machache, na kwa kuwa oili ya kulainisha husafiri ndani ya petroli, pistoni hukosa ulainisho. Dalili yake ni injini inayopanda mzunguko yenyewe bila kuguswa, au inayokataa kutulia hata kabureta ikirekebishwa.

Kwa hiyo, yeyote anayebadilisha pistoni kwenye mashine ya zamani abadilishe pia sili zote mbili. Kisha fundi azibe matundu ya kuingizia na kutolea hewa, apulize upepo mdogo wa takriban bar 0.5, na apake povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu, hewa inavuja, na injini haifai kuwashwa.

Kutafuta kipuri kwa kipimo

Dukani, swali "una kipuri cha mashine hii?" hujibiwa "hakuna" kwa haraka. Swali lenye kipimo hupata jibu tofauti, kwa sababu vipuri vingi ndani ya msumeno hutumika pia katika mashine nyingine.

Beringi za kranki zina namba iliyochongwa pembeni. Beringi namba 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na unene wa milimita 12, popote ilikotengenezwa. Kwa injini inayopata moto na kuzunguka kwa kasi, iombwe yenye alama C3. Oili sili hutajwa kwa vipimo vitatu: tundu, kipenyo cha nje na unene. Inaweza kupatikana kwa muuza vipuri vya pikipiki, mradi vipimo vilingane na mpira wake uvumilie petroli na joto.

Kabureta ina jina lake lenyewe. Nyingi ni za Tillotson, Walbro au Zama, na herufi za aina yake zimegongwa kwenye bodi. Seti ya viwambo hutafutwa kwa herufi hizo, si kwa jina la msumeno.

Mnyororo una vipimo vitatu. Cha kwanza hupatikana kwa kupima kutoka katikati ya ripiti ya kwanza hadi katikati ya ripiti ya tatu na kugawa kwa mbili. Urefu huo kabla ya kugawa ukiwa takriban milimita 20.5, mnyororo ni wa aina ya .404, ukiwa takriban 18.6, ni 3/8, ukiwa 16.5, ni .325. Cha pili ni unene wa jino la chini linalopita kwenye mfereji wa bamba, ambao kwa kawaida ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni idadi ya meno hayo ya chini. Sproketi lazima iwe ya aina ileile ya mnyororo, la sivyo vyote viwili huliwa haraka. Tupa nayo hufuata mnyororo: milimita 5.5 kwa .404, 5.2 kwa 3/8, na 4.8 kwa .325.

Vipo vipuri visivyo na mbadala, hasa pistoni, silinda, kranki na flaiwili. Kwa hivi namba ya kipuri ndiyo msaada. Namba za STIHL zina tarakimu 11, na nne za mwanzo hutaja familia ya modeli. 1106, kwa mfano, ni ya 070 na 090. Kipuri cha modeli moja kinaweza kuingia kwenye ndugu yake wa familia hiyo, lakini kipimwe kwanza, kwa kuwa pistoni za 070 na 090 hazilingani. Namba za Husqvarna kwa kawaida zina tarakimu tisa zinazoanza na 5. Modeli zilizouzwa kwa wingi bado zinatengenezewa vipuri na viwanda vingine. Kwa majina yaliyobadili wamiliki, kama Homelite na McCulloch ya Marekani, njia yenye matumaini zaidi ni kununua mashine nyingine mbovu ya modeli ileile kwa ajili ya kutolea vipuri.

Silinda mpya isiyo ya kiwanda cha asili ikaguliwe kwa kidole kabla ya kulipiwa. Kingo za matundu yake ya ndani zinapaswa kuwa laini. Kingo zinazokwaruza kidole zitanasa ringi na kuivunja.

Bodi ya injini iliyopasuka ni tatizo la aina nyingine. Mashine nyingi hizi zina bodi ya magnesiamu, metali nyepesi inayoweza kushika moto mkali usiozimika kwa maji. Haifai kuchomelewa katika karakana ya kawaida.

Mafuta ya mashine ya zamani

Mashine nyingi za wakati huo zilipangiwa sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita, au mililita 200 kwa dumu la lita tano. Oili iwe ya injini za mipigo miwili, yenye alama 2T kwenye chupa. Oili ya gari haifai. Mchanganyiko usikae tangini kwa miezi, kwa kuwa ndio huharibu viwambo.

Injini ikiwaka, je, itumike?

Ncha ya bamba inapogusa gogo kwa bahati mbaya, mashine inaweza kurushwa juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya mkataji kabla hajaweza kufanya lolote. Breki ya mnyororo ilibuniwa kwa ajili ya hatari hiyo. Mashine isiyokuwa nayo haipewi breki kwa kubadilishwa plagi. Mashine nyingi za zamani pia hazina mpira wa kupunguza mtikisiko kati ya injini na vishikio. Mtikisiko wa muda mrefu huumiza mishipa ya damu na neva za mikono. Vidole hufa ganzi na kuwa vyeupe wakati wa baridi, na hali hiyo ikikomaa inaweza isipone.

Kutokana na hayo, mmiliki ajibu maswali matatu kwa ukweli kabla ya kununua kipuri cha kwanza. Je, mashine ina breki ya mnyororo inayofanya kazi, kidaka mnyororo, na kifyatuo cha mafuta kinachojirudisha chenyewe? Je, silinda na kranki ni nzima? Je, jumla ya vipuri vyote pamoja na ufundi iko chini ya nusu ya bei ya mashine mpya yenye kinga hizo? Jibu la "hapana" kwa swali la kwanza linatosha kuiondoa mashine katika kazi ya kila siku ya kuangusha miti, hata kama injini yake inanguruma vizuri. Bado ina thamani ya vipuri kwa mwenye mashine ya familia hiyo.

Huduma zinazopatikana

Ofisi ya SIDO ya mkoa hushauri mafundi na wajasiriamali wadogo, na vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya ufundi wa mitambo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaotaka kuanzisha karakana wanaweza kuuliza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Ikumbukwe kwamba mashine kutengenezwa si ruhusa ya kukata. Masharti ya kumiliki na kutumia msumeno, kibali cha uvunaji na hati ya kusafirisha mazao ya misitu yaulizwe kwa Afisa Misitu kabla ya mti wa kwanza kuangushwa, hata kama mti huo uko kwenye shamba la familia.

Anayekwenda kwa fundi au dukani achukue kipuri cha zamani hata kama kimevunjika, pamoja na karatasi yenye mambo haya: jina na modeli ya mashine, namba iliyogongwa kwenye bodi, herufi za kabureta, namba za beringi, vipimo vya sili, na vipimo vitatu vya mnyororo.