Bima ya afya na ushauri wa lishe mkoani Mwanza

Ushauri wa lishe ni sehemu ya tiba ambamo mgonjwa huelekezwa chakula kinachoifaa hali yake: aina, kiasi na wakati wa kula. Mkoani Mwanza, kama kwingineko nchini Tanzania, huduma hiyo hutolewa katika hospitali na kliniki, lakini bima ya afya haiilipii kama inavyolipia dawa au upasuaji, kwa kuwa mara nyingi haitozwi peke yake.

Mifuko ya bima

Mfuko mkubwa ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mchango wao ni asilimia 6 ya mshahara. Nusu hukatwa mtumishi na nusu hutolewa na mwajiri. Wakulima, wavuvi na wachuuzi walilengwa na Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Jinsi ushauri unavyolipiwa

NHIF imezoea kukilipa kituo kwa kila huduma iliyotolewa, kwa kufuata kitita cha mafao chenye bei zake: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji. Vitu hivyo vinahesabika. Mazungumzo ya nusu saa kuhusu kiasi cha ugali hayahesabiki kirahisi, kwa hiyo kwa kawaida huingizwa ndani ya hudhurio la kliniki. Mgonjwa haongezewi gharama, na hilo ni jema. Lakini kituo hulipwa kwa kila kipimo kinachoongezwa, wala hakilipwi kwa dakika za maelezo. Foleni inapokuwa ndefu, maelezo ndiyo hufupishwa kwanza, na mgonjwa wa kisukari huweza kuondoka na maneno mawili tu: "Punguza wanga."

Nchini Marekani, bima ya wazee iitwayo Medicare ilianza mwaka 2002 kulipia tiba ya lishe kama huduma inayojitegemea, kwa rufaa ya daktari: saa 3 katika mwaka wa kwanza na saa 2 kila mwaka unaofuata. Wanaostahili ni wagonjwa wa kisukari na wa figo. Mwenye shinikizo la damu peke yake hamo, ingawa naye chakula kinamhusu sana.

Watoto na wajawazito

Kwa watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito njia ni nyingine kabisa. Sera ya afya inawasamehe malipo katika vituo vya umma, hivyo kupimwa uzito na kushauriwa hakutegemei kadi ya bima. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, na hupewa chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hapo chakula chenyewe kimekuwa tiba. Bado kazi ni kubwa: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa.

Chakula cha kando ya ziwa

Ushauri usiotaja chakula cha mahali hausaidii kitu. Wasukuma hukausha viazi vitamu: vibichi vilivyokatwakatwa huitwa michembe, vilivyochemshwa kwanza huitwa matobolwa. Wengi huvichukulia kuwa vitafunio vya chai, kumbe navyo ni wanga, na mgonjwa wa kisukari inambidi avihesabu pamoja na ugali. Ugali wa muhogo, unaoliwa sana Ukerewe, hutia nguvu lakini una protini kidogo mno. Dagaa anayeliwa mzima pamoja na mifupa huziba pengo hilo na kuongeza kalsiamu. Dagaa waliotiwa chumvi nyingi ni jambo jingine kwa mwenye shinikizo la damu.

Wakati wa kula nao una uzito wake. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza na kulala mchana. Akiambiwa ameze dawa ya kisukari "asubuhi na jioni pamoja na chakula", huenda akaimeza bila kula, na baadhi ya dawa hizo hushusha sukari kupita kiasi, hata mtu akazirai akiwa majini. Kuligundua hilo kunahitaji mshauri kumwuliza anakula saa ngapi, na maswali kama hayo ndiyo yanayokosa muda.

Gharama zisizobebwa na bima

Chakula cha nyumbani hununuliwa na familia, na katika hospitali nyingi ndugu ndio wanaomletea mgonjwa mlo wodini. Kwa sababu hiyo maelekezo hupaswa kumfikia anayepika, si mgonjwa pekee. Mkazi wa Ukerewe anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, huvuka kwa kivuko kutoka Nansio. Kadi inaweza kugharamia matibabu, ila nauli yake na ya ndugu anayemsindikiza hutoka mfukoni, na hutoka tena kila anapoitwa kurudi kliniki.