Korongo wa Navakholo na Makinda Wao

Sisi watu wa pwani hukijua kipupwe kwa upepo wa kusi na bahari iliyochafuka. Huko Navakholo, katika kaunti ya Kakamega, kipupwe ni umande, ukungu wa alfajiri na mvua ya alasiri, kwani nchi yenyewe imeinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Likizo ya Agosti ilitukuta huko pamoja na watoto, tukiwa wageni wa jamaa zetu.

Baada ya sala ya alfajiri tulimfuata mama mwenye nyumba kwa njia nyembamba kati ya miwa na mahindi, hadi kwenye kinamasi ambacho maji yake huteremkia mto Nzoia. Hapo alituashiria tunyamaze. Ng'ambo ya matete walisimama korongo wawili wenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu, mashavu meupe na shingo ya kijivu, na kati yao makinda wawili. Hata mdogo wetu kabisa hakunong'ona.

Ndege huyu, aliyemo katika bendera ya Uganda, hufikia urefu wa karibu mita moja. Aghalabu hutaga mayai mawili au matatu katika tundu la nyasi kinamasini, na wazazi wote wawili hulea. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka: vinamasi vinakaushwa, na makinda wanakamatwa wauzwe.

Msiba huo hauko mbali na nyumba ile. Majirani wamekwisha kuchimba mitaro ya kukausha bonde, na mama huyu naye ana karo ya kulipa. Hatukuthubutu kumhubiria. Yeye mwenyewe alitueleza uamuzi wake: nduma hustahimili maji, hivyo atazipanda ukingoni bila mtaro, na matete ya katikati hayatakatwa hadi makinda waruke, muda wa miezi miwili au mitatu. "Nao ni wazazi kama sisi, wanangu," alisema.

Abu Daud amepokea hadithi ya ndege aliyetapatapa baada ya maswahaba kumchukulia makinda wake, Mtume (S.A.W.) aliamrisha arudishiwe wanawe. Basi familia iendayo bara msimu huu na itazame kwa mbali, iwazuie watoto wasiwafukuze ndege, wala isinunue kinda hata kwa huruma, kwani anunuaye humpa mtegaji sababu ya kurudi kinamasini.