Bati la Gari Lililobonyea

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, fuateni maneno haya katika karatasi zenu.

Gari limegongwa polepole mlangoni. Rangi haikupasuka, lakini bati limeingia ndani kama kibakuli. Fundi anasema: “Tukwangue, tutie puti, tupige rangi.” Je, ni lazima? Mara nyingi si lazima, na mwenye gari angefaa kulijua hilo kabla hajatoa fedha. Rangi ya kiwandani ikikwanguliwa haipatikani tena. Ile ya gereji ni shida kuifananisha, hasa gari likiwa limepigwa jua miaka mingi.

Bati hili ni chuma chembamba, unene wake haufiki milimita 1. Likigongwa, sehemu kubwa hutaka kurudi mahali pake, ila huzuiwa na ukingo ulioinuka kulizunguka shimo. Basi fundi hufungua ubao wa ndani wa mlango, hupitisha nondo ndefu yenye ncha laini, na kusukuma kidogo kidogo, akianzia pembeni na kwenda katikati. Ukingo huugonga taratibu kwa kijiti cha plastiki. Akisukuma katikati kwa nguvu mara moja, hutokea chunusi, na rangi hupasuka.

Atajuaje mahali pa kusukuma? Hutazama kivuli cha taa ndefu juu ya rangi. Kivuli kikipinda, hapo bado. Kazi hii ni ya macho kuliko mikono, nami naiona ngumu kuliko kupiga rangi.

Rangi baridi hupasuka upesi. Bati lipashwe joto kidogo, juani au kwa hewa ya moto. Msitumie moto wenyewe!

Njia hii haifai rangi ikiwa imekwisha pasuka, kwa maana maji yataingia na kutu italila bati. Mkunjo mkali, na ukingo wa mlango ambapo bati limekunjwa mara mbili, ni vigumu kunyoosha. Palipotiwa puti zamani, puti itabanduka.

Puti hujulikana kwa sumaku. Ifungeni kitambaa, muipitishe juu ya bati la chuma. Penye puti nene haishiki vizuri. Bati la alumini halishikwi na sumaku kabisa, basi huko msijaribu.

Sasa jibuni: Kwa nini fundi huanzia pembeni? Mnunuzi wa gari kuukuu angetumiaje sumaku?