Mtoto Mchanga Akiumia: Neno kwa Wazazi na Walimu

Katika nchi yetu ya milima, tangu Kasulu hata Kibondo, kazi za shamba ni nyingi, na mara nyingi mama humwacha mtoto mchanga mgongoni mwa dada yake aliye mdogo bado. Mtoto huanguka, au huunguzwa na maji ya moto. Hizo ni ajali. Lakini wako pia watoto wanaoumizwa kwa mikono ya watu wazima wa nyumbani mwao, nao hawawezi kusema neno. Kwa hiyo imewapasa wengine kuuliza kwa ajili yao.

Daktari akiona paja la mtoto limevunjika, naye mtoto hajaweza hata kujigeuza, hana budi kuuliza. Mwaka 1946 daktari John Caffey wa Marekani aliandika habari za watoto wachanga 6 waliovuja damu ndani ya fuvu, na mifupa yao imevunjika, wala sababu haikuelezwa. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake walisema wazi kwamba watoto wengine huumizwa na walezi wao.

Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu mwenye habari ya mtoto anayedhulumiwa kuipeleka kwa serikali ya mahali pake. Ndipo afisa wa ustawi wa jamii huchunguza pamoja na polisi. Mtoto akiwa hatarini, huweza kuwekwa mahali pa salama mpaka mahakama iamue.

Wazazi wengi husikia neno polisi wakaogopa, wakamficha mtoto ndani. Hilo ni kosa kubwa. Mfupa huunga vibaya, na damu ndani ya kichwa huweza kuua kimyakimya. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi, mpelekeni hospitali siku ile ile. Semeni mliyoyaona, na msiyoyaona semeni hamkuyaona. Msipatane juu ya hadithi moja, maana hadithi ya kutungwa huvunjika, na mzazi asiye na hatia huonekana mwongo. Dada yake aliyembeba msimpige; mtu aliyepigwa husema lolote. Tena mwombeni daktari apime kama mtoto ana maradhi ya mifupa dhaifu au ya damu isiyoganda, maana hayo huweza kufanana na kupigwa.

Nanyi majirani, shaka si ushahidi. Katika Uingereza mama mmoja, Sally Clark, alihukumiwa mwaka 1999 kwamba amewaua watoto wake wawili wachanga. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ilimwachilia, kwa kuwa matokeo ya vipimo vya mtoto mmoja hayakuletwa mbele ya mahakama ya kwanza. Alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 3. Kwa hiyo pelekeni habari kwa wenye kazi ya kuchunguza, wala msihukumu kisimani wala sokoni.

Walimu, wafundisheni watu nambari ya simu 116, inayopokea habari za watoto walio hatarini. Mzazi mkweli, jirani mwenye kusema mapema, na mchunguzi asiye na haraka, hao watatu ndio ulinzi wa mtoto asiyeweza kujisemea.