Amepona, Lakini Ni Nini Kilichomponya?

Binti mmoja wa kwaya yetu alinijia jioni moja na kitabu kinene cha mazoezi. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani uitwao GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara duniani huutumia kuchagua wanafunzi wa shahada ya pili. "Mama," aliniambia, "hesabu naziweza. Yanayonishinda ni maswali ya kutafuta udhaifu wa hoja." Sehemu yenye maswali hayo ina maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika mbili kwa swali hazitimii.

Mimi ni muuguzi, si mwalimu wa mantiki. Lakini tulipoketi mezani na kuyasoma pamoja, niliona kuwa maswali ya namna hiyo nimekuwa nikikutana nayo miaka yote, wodini na hata uani kwangu.

SWALI LA ZAHANATI

Nilimtungia mfano. Kijiji kimoja kilifunguliwa zahanati mwaka jana. Mwaka huu wagonjwa wa malaria walioandikwa wameongezeka mara mbili. Kwa hiyo, husema watu, malaria imezidi na zahanati haijasaidia kitu. Je, lipi kati ya haya linaidhoofisha hoja hiyo? Kwanza, malaria huenezwa na mbu. Pili, wauguzi wa zahanati hiyo wamesomea kazi yao. Tatu, kabla ya zahanati kuwapo, wagonjwa wengi walitibiwa nyumbani bila kuandikwa popote.

Binti alichagua la kwanza. "Kwani si kweli, mama?" Ni kweli kabisa, lakini haligusi hoja yenyewe. Jibu ni la tatu.

Mama msomaji, kila hoja ina sehemu tatu. Ipo sababu inayotolewa, lipo neno la mwisho linalofikiwa, na katikati lipo daraja ambalo msemaji halitaji. Hapa daraja ni kudhani kwamba walioandikwa ndio wote waliougua. Likivunjika hilo, hoja imeanguka, hata kama hesabu ya wagonjwa ni sahihi. Basi usibishane na sababu, wala usikimbilie kulipinga neno la mwisho. Tafuta daraja.

HOJA ILIYOBISHA HODI

Haikupita wiki, jirani yangu, mama kijana, akaja mbio na mtoto wa miezi minane mgongoni. Mtoto alikuwa akiharisha kwa siku ya tatu. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Nesi, usituchelewesha. Mtoto huyu ana meno ya plastiki. Mjukuu wangu mwingine alikuwa hivihivi, akang'olewa, siku ya tatu akacheza."

Wengi wetu tunaijua habari hii. Fundi hupasua ufizi wa mtoto mchanga na kutoa kitu cheupe, akisema ndicho kiletacho homa na kuharisha. Kile kitu cheupe ni jino la chonge la utotoni ambalo bado halijaota. Kila mtoto mwenye afya anazo chonge hizo nne ndani ya ufizi, anayeharisha na asiyeharisha. Kukatwa huko huleta kutokwa na damu, pepopunda na maambukizo mengine kutokana na vifaa vichafu, na huweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Na wakati wote huo mtoto anaendelea kupoteza maji.

Ningeweza kumwambia bibi kwamba ni ujinga. Lakini sababu yake ilikuwa ya kweli: aliona mtoto amekatwa, na aliona amepona. Daraja ndilo lililokuwa bovu. Nikamwuliza kwa upole, "Mama, yule mjukuu alikuwa ameharisha siku ngapi alipopelekwa kwa fundi?"

"Kama siku nne."

"Na wako watoto uliowaona wakiharisha, wasing'olewe, na wakapona?"

Alinyamaza kidogo. "Wako. Baba yake huyu mwenyewe."

Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Anayepelekwa kwa fundi siku ya nne hukaribia kupona hata asipokatwa. Kinachotangulia si lazima kiwe ndicho chanzo. Tena, aliyepona husimuliwa kijiji kizima, lakini aliyekufa baada ya kukatwa huzikwa, na mama yake hatembei akitoa ushuhuda. Anayesikiliza waliopona tu amesikia nusu ya habari.

TULIVYOFANYA

Mtoto alikuwa bado ananyonya na kunywa. Tulichanganya pakiti ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa, akanyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Endelea kunyonyesha. Zahanati humpa mtoto pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Lakini mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea, mwenye degedege, macho yaliyozama au damu kwenye choo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya tano mtoto alikuwa mzima. Bibi akasema, "Kumbe dawa yako ndiyo!" Nami ilinibidi niwe mkweli. Kama kupona kwa mtoto mmoja si ushahidi kwa fundi, si ushahidi kwangu pia. ORS tunaiamini kwa sababu nyingine. Mwaka 1968 huko Dhaka, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, waganga waliwalinganisha wagonjwa wa kipindupindu. Waliokunywa maji yenye sukari na chumvi walihitaji maji ya mishipani kidogo sana kuliko wenzao ambao hawakuyanywa. Tena tunajua namna inavyofanya kazi: sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji huifuata chumvi. Bibi alicheka, akasema, "Nesi, hata nafsi yako huihurumii."

PIMENI MANENO

Mithali 18:17 inatufundisha kwamba msemaji wa kwanza huonekana ana haki, hadi mwenzake aje amchunguze. Kuchunguza si kukosa imani, wala si kukosa adabu kwa wakubwa. Unaposikia "fulani alifanya hivi, akapona," jiulize: Je, angepona hata bila hicho? Wale ambao hawakufanya, walikuwaje? Na wale ambao hawakupona, nani anawasimulia?

Yule binti sasa anajifunza kwa bidii, na nimemwambia ajipime kwanza kwa maneno ayasikiayo kisimani na sokoni. Wewe, dada mpendwa, huenda usiingie kamwe katika chumba cha mtihani huo. Lakini siku mwanao atakapougua na kila mtu kuja na ushauri wake, swali litakuwa mbele yako. Tulia, omba, kisha litafute daraja kabla hujalivuka na mtoto mgongoni.